Moto kwanza, kabureta baadaye: kurudisha nguvu ya pikipiki kwa hewa ya Mwanza

Kijana mmoja aliniletea pikipiki ya cc 150 aliyoinunua Dar es Salaam akaisafirisha kwa lori hadi Mwanza. "Fundi, kule Dar ilikuwa inaruka," akasema. "Huku nikipanda mlima wa Bugando na abiria mmoja tu, inapumua kama mgonjwa." Mafundi wawili walikuwa wameshaishika kabla yangu. Wa kwanza alimuuzia CDI mpya, lile boksi la umeme linaloamua cheche ya plagi iruke lini. Wa pili aliinua sindano ya kabureta, kisha akazungusha kila skrubu iliyokubali kuzunguka. Katikati ya hao wawili, kijana mwenyewe alitoa chujio la hewa, na anaapa kwamba ilichangamka kwa wiki moja. Ilipofika kwangu ilikuwa haikai silensa (yaani haitulii ikinguruma yenyewe bila kuvuta mafuta), inapiga fataki kwenye ekzosi kila ukiachia mafuta, na plagi imekuwa nyeusi kama sufuria la mama ntilie.

Siku ilipotelemshwa kwenye lori haikuwa na kitu kibovu. Kilichobadilika ni hewa.

Dar iko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na barabara zetu za vilimani ziko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi: kila pumzi ambayo silinda inavuta ina hewa pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Nguvu nayo inapungua karibu kwa kiasi hicho hicho, na hiyo hairudishwi na fundi yeyote, hata akuambie ana CDI ya mashindano. Anayekuahidi kuirudisha yote anataka hela yako.

Kinachorudishika ni kile kinachopotea juu ya hapo. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Inamwaga petroli kwa kufuata kasi ya hewa inayopita kwenye koo lake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inapungua kidogo tu, haipungui sawasawa na hewa. Matokeo yake pikipiki iliyokuwa sawa pwani inakuwa na mafuta mengi huku.

Maelezo yanayofuata ni ya pikipiki za stroki nne zenye kabureta, zile za cc 100 hadi 150 zilizojaa vijiweni kuanzia Buhongwa mpaka Igombe. Kama yako ni ya injekta, ina sensa inayosoma mgandamizo wa hewa na kompyuta inapunguza petroli yenyewe. Safisha chujio, badilisha plagi, uiache. Injini za boti nitazigusa kuelekea mwishoni.

Kwa nini naanza na moto

Kwanza tuelewane juu ya neno "taimingi", maana vijiweni lina kazi mbili na limewatia watu hasara. Kuna taimingi ya valvu: cheni, sproketi ya kamshafti na alama zake. Ikiruka jino moja injini inakosa pumzi, na ikiruka zaidi valvu inaweza kugongana na pistoni. Halafu kuna taimingi ya moto, yaani cheche ya plagi inaruka pistoni ikiwa wapi. Cheche inaamriwa na magineto, gurudumu la sumaku lililofungwa kwenye krenki, haina habari na cheni. Mtu akikwambia "taimingi imeruka", muulize ipi. Hapa nazungumzia ya moto.

Petroli na hewa havilipuki papo hapo kama bomu. Moto unaanzia kwenye plagi na kutembea mpaka kuta za silinda, na safari hiyo inachukua muda, tuseme milisekunde mbili au tatu. Unaonekana muda mdogo, lakini piga hesabu. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, krenki inageuka nyuzi 9 kwa kila milisekunde. Ikifika 7,500, ni nyuzi 45 kwa milisekunde hiyo hiyo moja. Ukisubiri pistoni ifike kileleni ndipo uwashe, moto utakuwa unaifukuza pistoni ambayo imeshakimbia chini. Ndiyo maana cheche inaruka mapema, kabla ya kilele, ili msukumo mkubwa kabisa uje nyuzi kama 12 hadi 17 baada ya kilele, wakati konektingi rodi imeshapata pembe nzuri ya kusukuma krenki.

Kwenye silensa pikipiki nyingi huwasha karibu nyuzi 10 hadi 15 kabla ya kilele. Mizunguko ikipanda, CDI inaisogeza cheche mbele mpaka karibu nyuzi 30. Haiendelei kusogeza bila mwisho, kwa sababu kasi ikiongezeka hewa ndani ya silinda inavurugika zaidi, na mvurugiko huo unaukimbiza moto.

Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka: nguvu inakwenda kwenye ekzosi, bomba linawaka moto, injini inachemka. Ukiwahi mno, msukumo unaikuta pistoni bado inapanda. Hapo injini inagonga: unasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa. Mlio huo ukiuzoea na kuendelea na safari, siku moja pistoni inatoboka.

Madereva wa zamani walilijua hili kwa mikono yao. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na wenzo wa cheche upande wa kushoto wa nguzo ya usukani, dereva anauwahisha na kuuchelewesha mwenyewe akiwa barabarani. Aliyesahau kuuchelewesha kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia aliweza kuvunjika mkono, maana injini ilipiga kinyume. Pikipiki ikirudisha kiki kwa nguvu mpaka inakuumiza nyayo, ni jambo lile lile.

Sasa mafuta. Ili petroli iungue yote na hewa iishe yote, gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa. Nguvu kubwa haipatikani hapo. Inapatikana kukiwa na petroli zaidi kidogo, hewa kati ya 12.5 na 13 kwa petroli 1. Ukitaka kubana matumizi unakwenda kwenye 15 hadi 16. Kabureta iliyotoa 13 Dar itatoa karibu 12.2 Mwanza. Peke yake hilo si balaa, injini inavumilia. Lakini kabureta nyingi za viwandani tayari zina mafuta ya ziada, sasa ongeza chujio lililojaa vumbi, jeti (kitundu cha kupimia petroli) iliyokwanguliwa na waya, sindano iliyoinuliwa na fundi mwenye haraka. Hapo ndipo Bugando inakuwa ndefu.

Mambo haya mawili yamefungamana. Mchanganyiko wenye mafuta zaidi kidogo ndio unaowaka kwa kasi kuliko yote. Wenye hewa nyingi huwaka polepole, na uliozidi mafuta vilevile. Kwa hiyo pikipiki yenye njaa ya petroli inajifanya kama yenye moto uliochelewa: inachemka, haina nguvu, ekzosi inakuwa nyekundu. Fundi akigusa vyote viwili kwa wakati mmoja hawezi kujua kipi kimeponya na kipi kimeharibu. Mimi naanza na moto kwa sababu moja tu: moto una alama iliyochongwa kiwandani juu ya magineto. Mafuta hayana alama, yanataka macho, masikio na mlima.

Hatua ya 1: ondoa uongo

Nusu ya pikipiki zinazoletwa kwa "taimingi" au kabureta huishia hapa, na mteja anaondoka amelipa kidogo.

Pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, injini ikiwa ya baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Fungua vifuniko viwili upande wa kushoto wa injini, zungusha krenki mpaka alama ya T (pistoni iko kileleni) ilingane na mkato wa kwenye kava, uhakikishe roka zote mbili zimelegea (zisipolegea, zungusha mzunguko mmoja zaidi). Kwenye pikipiki nyingi za aina hii nafasi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na zile za ukoo wa CG125 ni 0.08. Fuata kitabu cha yako. Tapeti iliyobana inaiacha valvu wazi kidogo, injini inapoteza mgandamizo, na hakuna kabureta itakayoficha hilo.

Plagi iwe mpya na ya namba sahihi. Pengo kati ya milimita 0.6 na 0.7 linafaa kwa nyingi zenye plagi ya D8EA. Lipime kwa filageji (vibapa vya kupimia nafasi), usilipime kwa jicho. Kofia ya plagi nayo iangalie, kutu ya ndani inakula cheche.

Chujio la hewa lirudi mahali pake likiwa safi. Hapa nasimama kidogo. Vijana wengi wa Mwanza wanalitoa chujio kwa sababu wameona kwa macho yao kwamba pikipiki inachangamka, na hawadanganyi. Inachangamka kweli, kwa kuwa ilikuwa na mafuta mengi kwa mwinuko huu, na kulitoa chujio kumeongeza hewa mpaka mchanganyiko ukakaribia usawa. Wamepata jibu sahihi kwa njia mbovu. Vumbi letu limetokana na miamba, ni mchanga mkali, linakula ringi na silinda kama msasa. Miezi michache mbele pikipiki inafuka moshi wa bluu na nguvu yote imekwisha. Kazi ile ile inafanywa na jeti yenye tundu dogo zaidi, kwa bei ya chakula cha mchana. Kwenye vijiwe vya karibu na maji nimewahi kukuta chujio limezibwa na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Lifungue mara kwa mara msimu wao ukifika.

Kisha raba inayounganisha kabureta na injini. Washa, iache silensa, nyunyizia maji ya sabuni kuizunguka. Mlio ukibadilika, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: badilisha raba kwanza. Usinyunyizie petroli kwenye injini ya moto, hata kama umeona wengine wanafanya.

Mwisho, mafuta yenyewe. Petroli ya kwenye chupa barabarani inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo oktani yake (uwezo wa kuzuia kugonga) iko chini mno. Injini itagonga hata kama moto uko sahihi, nawe utahangaika na CDI isiyo na kosa. Mwaga tangi, jaza kituoni, ndipo upime.

Hatua ya 2: ona cheche kwa macho

Tafuta tochi ya taimingi. Mafundi wa magari ya zamani wanayo, na kuazima si aibu. Tochi hii inabanwa kwenye waya wa plagi na kumulika kila cheche inaporuka, hivyo alama ya kwenye magineto inaonekana kama imesimama.

Ipashe injini moto, iweke kwenye silensa ya karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Fungua kifuniko kidogo cha kuchungulia. Kama magineto yako inaoga oili, oili itaruka. Ziba tundu kwa kipande cha plastiki angavu na gundi ya karatasi. Mulika. Unatafuta herufi F, alama ya moto wa silensa. Mstari wake unatakiwa kulingana na mkato wa kwenye kava. Sasa vuta mafuta polepole: F inasogea, na mahali pake inakuja mistari miwili iliyosimama pamoja. Ukifika mizunguko kama 4,000, mkato unatakiwa uwe katikati ya mistari hiyo.

Ikilingana kote kuwili, moto umemalizika. Funga kifuniko na usirudi tena huko, hata ukishawishika.

Isipolingana, kumbuka kwamba pikipiki nyingi za CDI hazina mahali pa kurekebisha. Kuna kitu kimeharibika au kimebadilishwa. F ikiwa mbali sana na mkato, fungua magineto uangalie kii yake, kile kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze kwenye krenki. Ikikatika nusu, magineto inateleza kidogo kwenye krenki na moto unahama nayo. Angalia skrubu za pulsa (kifaa kinachoipa CDI ishara ya cheche) kama zimelegea. F ikiwa sawa kwenye silensa lakini haisogei unapovuta mafuta, CDI ni mbovu au si yake. Ya yule kijana ilikuwa hivyo: ile mpya aliyouziwa ilikuwa ya injini nyingine, moto wake umekwama pale pale. Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi. Alikuwa nayo chini ya siti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tukairudisha, alama zikalingana.

Kama una pikipiki ya zamani ya platini (swichi inayofunguka kuamuru cheche badala ya CDI), wewe una uwezo wa kurekebisha, na wajibu wa kuwa makini. Pengo la platini huwa karibu milimita 0.3 hadi 0.4. Ukilipanua, platini inafunguka mapema na moto unawahi. Ukilibana, moto unachelewa. Weka pengo kwanza, kisha zungusha bamba mpaka F ikae. Hewa nyepesi inaungua polepole kidogo na haigongi kirahisi, kwa hiyo huku Mwanza injini inaweza kuvumilia moto uliowahi zaidi kwa nyuzi moja au mbili. Mimi siwahishi. Faida yake huioni mlimani, na hasara yake utaiona siku ukishuka pwani.

Hatua ya 3: kabureta, ukianzia juu

Kabureta ina sehemu tatu za kuzingatia, na kila moja inatawala eneo lake la mkono wa mafuta. Kuanzia silensa mpaka robo: jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Robo mpaka robo tatu: sindano. Robo tatu mpaka mwisho: jeti kubwa. Zinaingiliana mipakani, na jeti kubwa kivuli chake kinafika mpaka chini. Kwa hiyo anza na jeti kubwa, halafu sindano, skrubu iwe ya mwisho. Mafundi wengi wanaanza na skrubu kwa sababu haihitaji kufungua kitu.

Kwanza fungua bakuli, safisha kila kitu kwa petroli na upepo wa pampu. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu lake ni la kipimo. Ukilikwangua linakuwa jeti ya namba nyingine isiyoandikwa popote. Soma namba iliyochongwa kwenye jeti kubwa na uiandike.

Chagua mlima wako. Wangu ni Bugando, wako unaweza kuwa wowote mradi una lami, hauna watu saa hiyo, na unaweza kuurudia. Mzigo uwe ule ule, gia ile ile, anzia alama ile ile. Panda kwa gia ya tatu, mkono umefunguliwa wote, huku ukisikiliza.

Mafuta yakiwa mengi juu, injini inakuwa nzito, inatoa mlio wa brububu kama ina maji mdomoni, moshi mweusi nyuma, na ukiitoa plagi ina masizi makavu. Mafuta yakiwa machache, inavuta vizuri mwanzo kisha inakufa taratibu, inachemka, na ukipunguza mkono kidogo kutoka mwisho inaongeza kasi badala ya kupunguza. Hiyo dalili ya mwisho iogope. Rudisha jeti ya namba kubwa zaidi mara moja.

Kusoma plagi vizuri: ukiwa bado unapanda kwa mkono wote, kamata klachi, zima swichi, simama pembeni kwa usalama, ndipo uitoe (vaa glovu, inaunguza). Ukiiacha ikae silensa dakika mbili kabla ya kuzima, utasoma habari za silensa. Tazama chini kabisa kwenye kaure, karibu na inapoingia kwenye chuma. Rangi ya chai ya maziwa iliyofifia ni nzuri. Masizi makavu meusi, mafuta mengi. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta mazito, hiyo ni oili, ringi zako zimechoka na huna kesi na kabureta. Kaure nyeupe kabisa yenye vipele, njaa ya petroli au moto uliowahi mno, na kwa kuwa moto umeshaupima unajua ni ipi. Hapo ndipo faida ya kuanza na moto inapoonekana.

Kwa pikipiki iliyotoka pwani bila kuguswa, jeti kubwa hushuka namba moja au mbili. Kama ina 100, jaribu 98, kisha 95. Badilisha moja, panda mlima, soma plagi, ndipo uamue tena. Usiruke kutoka 100 mpaka 90 kwa sababu duka halina za katikati, rudi kesho.

Sindano ina mikato, mara nyingi mitano, na klipu inakaa kwenye mmojawapo. Hapa watu wanajichanganya. Klipu ikipanda mkato wa juu, sindano inashuka, mafuta yanapungua. Klipu ikishuka, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Endesha kwa nusu mkono barabara tambarare: ikisitasita na kunguruma, pandisha klipu mkato mmoja. Ikiwa kavu, inashtuka unapofungua mafuta ghafla, ishushe mmoja. Anzia mkato wa katikati. Ya kijana wetu sindano ilikuwa imeinuliwa mpaka mwisho, huku skrubu ya chini imenyimwa petroli. Yaani juu imevimbiwa, chini ina njaa: plagi nyeusi na fataki za ekzosi kwenye pikipiki moja.

Skrubu ya mchanganyiko iko ya aina mbili, na ukikosea aina utazungusha kinyume mchana kutwa. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa: kufungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kufungua ni kuongeza mafuta. Ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze maana ncha yake ni laini, ukihesabu imezunguka mara ngapi, uandike. Ifungue mara moja na nusu. Endesha dakika 10 injini ipate moto, kisha uzungushe robo robo kila upande mpaka upate mahali silensa inapanda juu kuliko pote. Shusha silensa kwa skrubu yake hadi 1,400, rudia tena robo robo. Ukiachia mafuta toka juu na ekzosi ikapiga fataki, ongeza mafuta kwa robo. Ikichelewa kurudi silensa, inaning'inia juu kwanza, dawa ni hiyo hiyo.

Maliza kwa kupanda mlima tena. Ile ya cc 150 ilipanda Bugando kwa gia ya tatu mahali ilipokuwa ikiomba ya pili. Haikuwa kama ya Dar, na nilimwambia mapema kwamba haitakuwa.

Ukiwa na injini ya boti

Kirumba Mwaloni ukitaja "mchanganyiko" mvuvi anafikiria oili ndani ya petroli. Ni jambo jingine, lakini linagusa letu. Injini nyingi za stroki mbili zinataka 50 kwa 1: nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, na wakati wa kuzoesha injini mpya oili huwa zaidi. Fuata kitabu chake. Wengine wanaongeza oili kiholela "kwa usalama". Jeti inapitisha ujazo ule ule, kwa hiyo oili ikizidi, petroli inayopita ni pungufu, na injini inakuwa na hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Unalainisha zaidi huku unaongeza joto.

Kwenye injini nyingi za kabureta za boti, fimbo ya mkono wa mafuta inafungua kabureta na papo hapo inazungusha bamba lililo chini ya magineto ili moto uwahi. Fimbo ikilegea viungio vyake, kabureta inafunguka moto ukiwa nyuma. Ukitupa resi inazama, inasitasita, halafu ghafla inanyanyuka. Kabla ya kufungua jeti, tikisa fimbo hizo kwa mkono uone kama zina mchezo, na kama vyote viwili vinaanza kutembea pamoja.

Jeti ya boti usiipunguze kwa kubahatisha. Pikipiki yenye njaa inakuacha Mabatini, unaita mwenzako. Injini ya stroki mbili yenye njaa inakwama pistoni katikati ya maji, upepo wa mchana ukiwa unaanza. Jaribu karibu na mwalo, ukiwa na mzigo wa kawaida, jaketi mwilini na makasia ndani. Na usiipigishe resi nchi kavu: pampu ya maji inaungua kwa muda mfupi kuliko wa kuzungusha sigara.

Kuhusu kurudi pwani

Kila nilichobadilisha kwenye ile pikipiki niliandika kwa kalamu ya rangi ndani ya kava la pembeni: jeti iliyotoka, jeti iliyoingia, mkato wa klipu, skrubu imefunguliwa mara ngapi. Jeti ya zamani niliiweka kwenye kichupa cha dawa tukaifunga kwenye mkoba wa spana chini ya siti. Kwa Mwanza, Ukerewe, hata Bukoba itamfaa hivyo hivyo, mwinuko ni wa ziwa moja. Lakini akiipakia tena kwenye lori la Dar, jeti ile irudi kabla hajaiwasha Ubungo, maana hewa nzito ya pwani itaikuta na petroli pungufu, na hakuna mlima wa kumwonya mapema.